Mpunga Usio na Mwenyewe

Swali tulilotumwa kulijibu lilikuwa fupi: mashine ya kukoboa mpunga ya mama mmoja wa Ubaruku ni biashara ya kijamii, au ni biashara tu kama nyingine? Ikiwa ya kijamii, mfuko mmoja wenye ofisi Iringa ungempa mashine mpya, inayokoboa na kupanga mchele kwa madaraja, naye angeilipia taratibu bila riba. Ikiwa si ya kijamii, angebaki na kuukuu yake inayovunjavunja mchele kuwa chenga, mpaka wateja wamkimbie mmoja mmoja.

Mimi niliingia katika msafara huo kwa kosa la kuandika makala. Niliwahi kusema, katika jarida ambalo nadhani tulilisoma mimi na mhariri, kwamba katika biashara ya kijamii faida ni gari tu, shida ya watu ndiyo safari. Sentensi ilinipendeza sana. Ubaya wa sentensi inayopendeza ni kwamba kuna siku mtu ataiamini. Aliyeiamini alikuwa mkuu wa msafara wetu, mtu wa mfuko, meneja wa benki mstaafu ambaye bado alitembea kama mtu mwenye funguo za kabati la chuma. Aliipanua ikawa vigezo, vigezo vikachapwa, na nakala yangu ilikuwa mapajani tangu tunaondoka Iringa.

Tulisimama Mafinga kunywa chai. Nje malori ya mbao yalikuwa yakipoza injini, na ukuta wa mgahawa ulikuwa na alama kubwa nyekundu ya X. Kandokando ya barabara kuu hakuna mtu mzima asiyeijua alama hiyo. Maana yake barabara inapanuliwa, jengo limeingia ndani ya hifadhi yake, na siku yoyote litabomolewa.

"Mama, mnahama lini?" nilimuuliza mwenye mgahawa.

"Hatuhami. Tunangoja tu."

"Na greda?"

"Greda halijaja mpaka leo." Alinimiminia chai bila kunitazama. "Lakini ile siku wamechora, mwenye friji akaja kuchukua friji lake. Mwenye viti akachukua viti. Hao ndio wametubomoa."

Nilifurahi. Niliihifadhi kauli hiyo kichwani kwa ajili ya makala nyingine, kama mtu anavyotia karanga mfukoni, tukaendelea na safari. Kwamba ilikuwa onyo, hilo halikunipitia akilini hata kwa mbali.

Ubaruku ilikuwa inangoja mvua za kwanza. Mashambani watu walikuwa wameshaanza kusafisha mifereji, na mpunga wa mavuno yaliyopita ulikuwa bado umelala maghalani, ukingoja bei ya Januari. Mashine yenyewe ilikuwa banda refu la mabati lililopakwa vumbi la pumba tangu paa hadi kizingiti. Nyuma yake ghala, mbele yake uwanja wa saruji wa kuanikia. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa rika langu, mtandio umefungwa kikazi. Babu yake alipanda kutoka pwani na marobota ya kanga, akaoa Msangu, mwenyeji wa huko, hakushuka tena.

Mkuu wa msafara alifungua kalamu.

"Mama, lengo la biashara yako ni nini?"

"Kukoboa."

"Namaanisha, kwa jamii."

"Jamii ndiyo inayoleta mpunga."

"Ungejiita nani? Mtu anayehudumia jamii?"

"Mimi mfanyabiashara, baba. Sadaka natoa, lakini siitolei hapa, wala siitolei mbele ya watu."

Niliona kalamu ikisita. Nikajipenyeza, maana nilitaka apate mashine. Nilimuuliza juu ya ghala. Hapo maneno yakamtoka vizuri zaidi. Mkulima analeta mpunga wake baada ya kuvuna, unalala ghalani bure hata nusu mwaka. Mwenye ghala hauuzi, haugusi. Siku bei ikipanda, mkulima anakuja kukoboa hapohapo, analipa ukoboaji, na pumba inabaki kwa mwenye mashine. Ndiyo desturi ya mashine zote za huko.

"Kwa nini wasikae nao nyumbani?" aliuliza mkuu wa msafara.

"Mpunga ukilala nyumbani una ndugu wengi."

Wapagazi waliokuwa wameketi juu ya magunia walicheka. Mmoja akaongeza, "Na hapa sheria moja. Aliyeleta ndiye anayetoa. Hata akija mume na cheti cha ndoa, hapewi hata punje."

Mkuu wa msafara alitingisha kichwa kwa heshima, lakini aliandika kidogo sana. Benki ilimfundisha kutoamini kitu asichokihesabu. Alitaka kuchagua marundo machache bila kupendelea, kisha wenye marundo hayo waitwe waseme kama wananufaika. Ghalani hapakuwa na majina mengi. Kila mkulima alishona midomo ya magunia yake kwa uzi wa rangi yake, na wapagazi walijua nani ni mweusi, nani ni njano. "Nahitaji kitu cha kuwekea alama," alisema.

Mwalimu hutembea na chaki kama babu atembeavyo na ugoro. Yangu ilikuwa nyekundu. Nikampa.

Akapita kati ya marundo akichora X kubwa, moja hapa, moja kule, kwa mkono mzuri wa mtu aliyezoea kutia sahihi. Mpagazi mmoja aliyekuwa na gunia begani alisimama nalo, akaitazama alama ya kwanza, akaitazama ya pili. Akalishusha gunia polepole, akatoka nje, huku mkono ukitafuta simu mfukoni. Nilimwona. Nikadhani anampigia mkewe.

Wa kwanza kufika alikuwa mama wa kitenge cha kijani, nyuma ya bodaboda. Hata salamu aliitoa kwa haraka.

"Kamwene. Nimekuja kuchukua mpunga yangu."

"Umepata mnunuzi?" mwenye mashine alimuuliza.

"Hapana."

"Sasa unaupeleka wapi?"

Alimsogelea mwenye mashine. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini nilikuwa karibu. "Sijui. Nyumbani siwezi. Mwaka jana mpunga wetu uligeuka pikipiki, na pikipiki yenyewe iko kwa fundi mpaka leo. Hii ya mwaka huu ni ya mtoto aende chuo cha uuguzi. Baba yake hajui kama ipo."

"Basi iache hapo ilipo."

"Na wakibomoa?"

Mwenye mashine akageuka kututazama, mimi na mkuu wa msafara, na gari letu jeupe, na chaki iliyokuwa bado vidoleni mwake. Ndipo alipoelewa, na mimi nikaelewa baada yake, kama ilivyo kawaida ya wasomi.

Kabla hatujasema neno wakaja wengine. Walikuja kwa baiskeli, kwa bodaboda, kwa guta, kwa miguu. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Kila mmoja alisema maneno yaleyale kwa upole uleule: nimekuja kuchukua wangu. Nyuma yao wakaja madalali, ambao hunusa shida kama nzi wanavyonusa embe, wakaegemea lango na magunia yao matupu ya lumbesa, yale yanayoshonewa kilemba juu ili gunia moja limeze na sehemu ya la pili. Hawakumwita mtu. Walisimama tu.

Nilielewa kilichokuwa kinaondoka. Ghala likiwa tupu, Januari mashine haina cha kukoboa, na mwenye mashine amekwisha, achilia mbali mashine mpya. Na mpunga uliotolewa leo hauna pa kulala, kwa hiyo utauzwa leo, kwa hao walioegemea lango.

Mkuu wa msafara alipanda juu ya mzani ili aonekane. "Ndugu wananchi, msiwe na wasiwasi. Hatukuja kuchukua chochote."

"Hata wale wa barabara walisema hivyohivyo," alijibu mtu kutoka nyuma, bila hasira.

Akashuka. Akachukua leso yake, akaenda kufuta alama. Chaki ilikuwa imeingia ndani ya nyuzi za magunia, na alivyosugua ndivyo wekundu ulivyotapakaa, mpaka rundo la kwanza likaonekana kama limechinjwa.

Nilimvuta mwenye mashine kando. "Dada, funga ghala kwanza. Waeleze, watatulia."

"Nikifunga mlango leo, kesho nitamfungulia nani?" Akawageukia wapagazi. "Toeni. Kila anayeomba wake mpeni, na msimuulize mtu swali."

Magunia yakaanza kutoka. Yalipangwa uwanjani kwa marundo, uzi mweusi huku, njano kule, na kila rundo lilipotoka wenye marundo mengine walisogea mbele zaidi, wakihofia kuwa wa mwisho. Upande wa milima wingu lilikuwa limeshuka na kuwa zito. Mpunga ukilowa ndani ya gunia huchemka na kuota, na mchele wake hata kuku huutazama mara mbili. Madalali walilijua hilo kuliko sisi. Waliotaja bei asubuhi walitaja nyingine sasa. Bei ilikuwa inashuka kwa kila ngurumo. Wawili watatu wakauza palepale, bila kubishana, wakitazama pembeni.

Adhana ya adhuhuri ilisikika. Mwenye mashine alining'iniza funguo kwenye kitasa cha ghala, mbele ya macho ya wote, akaenda nyuma ya banda kutawadha. Nilibaki nikizitazama funguo zile kama mtu aliyeachiwa mtoto mchanga. Mpagazi mmoja alinionea huruma. "Dokta," alisema, akinipa cheo ambacho chuo kikuu kilikataa kunipa, "kaa kwenye kivuli. Utaanguka."

Mama wa kitenge cha kijani naye magunia yake yalikuwa yameshatolewa. Uzi wake ulikuwa wa kijani pia, na rundo lake lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia. Dalali alimsogelea mara mbili, mara mbili akamkatalia kwa kichwa. Alikuwa anatazama mbingu, anatazama lango, anatazama mbingu. Ghafla akaketi juu ya magunia na kutandaza kitenge chake mpaka chini, pande zote mbili. Nilidhani amezidiwa na jua.

Pawatila, kile kitrekta cha mkono, ilikuwa inaingia langoni na tela lake, imekodiwa na jirani fulani ije kumbebea mzigo. Dereva aliizima, akashuka akipangusa mikono kwenye suruali, akamwona.

"Mama watoto. Huku wafanya nini?"

"Nimekuja kukoboa."

"Kukoboa nini?"

"Kadebe tu."

Alitembea mpaka aliposimama mbele yake. Hakuwa mkali. Aliinama, akakifunua kitenge kidogo kwenye kona, kama mtu anayefunua sufuria kuona kilichopikwa, akaushika mdomo wa gunia.

"Uzi huu naujua."

Mkewe alikirudisha kitenge.

"Huu ni uzi ya vitambaa vya makochi. Vile vya sebuleni." Akahesabu kwa macho rundo zima, juu hadi chini. "Hizi gunia za nani?"

Uwanja ulikuwa umejaa watu, na nilisikia shomoro wakidonoa juu ya mabati. Wanawake waliokuwa na marundo yao waliyaacha kidogo kidogo, hatua moja, nyingine, kama watu wasioyafahamu. Ndipo nilipoona kitu ambacho vigezo vyangu havikukiona. Magunia yakiwa ndani ya ghala, hakuna aliyejua nani ana kiasi gani. Tulipoyatoa nje tulikuwa tumetoa nyumba zao nje, na kila mume, shemeji na mkwe aliyepita barabarani angeweza kusoma. Usalama dhidi ya panya na wezi haukuwa jambo kubwa kwao. Mwenye mashine alikuwa anawatunzia siri, na kodi ya siri ililipwa kwa pumba.

"Nimeuliza, za nani?"

"Za kwangu."

Alikuwa mwenye mashine, ametoka kuswali, miguu bado ina unyevu wa udhu na vumbi la pumba limeanza kuishika.

"Zako?"

"Zangu. Uzi nilinunua kwa mkeo. Ulitaka aushonee nini, na makochi yenyewe umeyakalia mpaka yametoboka?"

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Yule bwana hakucheka. Alimtazama mwenye mashine. Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Kisha akainua uso, na tone la kwanza likampata shavuni.

"Kama ni zako, mama," alisema taratibu, "mbona umeziacha nje na mvua hiyo inakuja?"

Akachuchumaa, akajitwika gunia la kwanza mwenyewe, akatembea nalo kuelekea ghalani.

Mpaka leo sijui alijua nini. Nimeligeuzageuza jambo hilo mara nyingi, na kila nikidhani nimelimaliza, naona mgongo wake chini ya gunia, na mgongo hausemi.

Mama mmoja wa uzi mweusi ndiye aliyefuata. "Na hizi pia zake," alisema kwa sauti, bila kumlenga mtu.

"Hata hizi. Mimi nilikuwa nazipanga tu."

"Zote za mama."

Mzee mmoja, ambaye magunia yake yalikuwa na jina lake kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama za lori, aliyatazama kwa muda. "Hizi zimeandikwa jina langu," alikiri, "lakini ni zake." Hapo watu wakacheka kweli, na kicheko kikawapa nguvu ya mabega. Asubuhi walikimbia kuja kuyaokoa magunia yao, mwenye mashine asije akayapoteza. Sasa walikuwa wanamkabidhi yote, mbele ya mashahidi, na hata uzi usingewasaidia kudai kesho. Mvua ikaja kwa mkupuo. Madalali walijifunika magunia yao ya lumbesa vichwani wakaondoka. Mimi nilijitia chini ya gunia moja ili nionekane wa watu, likanishinda, na wanawake wawili wakaniondolea mzigo. "Dokta, wewe shika kalamu," alisema mmoja.

Waliouza walikuwa wameuza. Lakini ghala lilijaa tena, karibu kama lilivyokuwa.

Mkuu wa msafara alikuwa amesimama mlangoni, mkavu, kwa muda wote huo, na alikuwa ameandika. Tulipoingia ofisini, chumba kidogo kilichotenganishwa na banda kwa mbao nyembamba, watu walikuwa wamejibanza kila mahali wakikwepa mvua. Yule bwana wa pawatila alikuwa ameegemea mbao hizo upande wa pili. Bega lake lilionekana kwenye mwanya.

"Mama," mkuu wa msafara alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa mpole, "nimesikia jambo hapo nje ambalo linabadilisha kila kitu. Nataka nilisikie kwako. Kama mpunga uliomo ghalani ni wa wakulima, wewe unawahifadhia, hiyo ni huduma, na mimi ninaweza kuitetea Iringa. Kama ni wako, basi wewe ni mfanyabiashara anayelimbikiza mpunga akingoja bei. Hapo sina la kutetea. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mpunga ni wa nani?"

Mwenye mashine alinitazama mimi. Nilijua ninachotakiwa kufanya, kucheka kidogo na kusema jamani, ule ulikuwa utani wa uwanjani, mpunga ni wa wakulima. Ulimi ulikuwa tayari. Bega lile kwenye mwanya halikutikisika. Nyuma ya bega, kwenye mwanga mdogo wa mlango, niliona ukingo wa kitenge cha kijani.

Nikauma ulimi wangu.

"Wangu," mwenye mashine alisema. "Wote."

Kalamu iliandika. Iliandika kwa muda mrefu kuliko neno lenyewe.

"Basi wewe ni mfanyabiashara, mama. Pole sana."

"Si nilikwambia asubuhi?"

Mkuu wa msafara alinigeukia. Alihitaji shahidi. "Mwalimu, umesikia mwenyewe?"

Taarifa kama zile hazibaki Iringa. Nakala huenda wilayani, huenda katani, na katani kuna mhudumu wa ofisi ambaye ni shemeji ya mtu.

"Nimesikia," nilisema.

Mwenye mashine aliinuka, akafunga mtandio upya, akaenda kuwasha mashine. Ilikohoa, ikakataa, ikakubali, na kelele yake ikaimeza mvua. Katika foleni wa kwanza alikuwa mama wa kitenge cha kijani. Alikuwa ameshasema amekuja kukoboa kadebe, kwa hiyo ilibidi kadebe kapatikane. Mwenye mashine alimchotea kutoka kwenye gunia moja lenye uzi wa kijani, akamwaga mpunga ndani ya mashine. Mchele ukatoka, nusu chenga, kama ilivyo kawaida ya mashine ile.

Wakati gari letu linatoka langoni, pawatila ilikuwa mbele yetu kwenye matope, ikienda polepole hivi kwamba tulilazimika kuifuata. Yule bwana alikuwa ameshika usukani. Mkewe alikuwa ndani ya tela, debe la mchele mapajani, amelifunika kwa kitenge lisilowe. Mkuu wa msafara alimwambia dereva apige honi, lakini dereva hakupiga, nasi tukawafuata hivyohivyo mpaka njia panda.